Wiki ya Nne

Jumanne, 27 Januari

Nimegeuza mayai kwenye mashine ya kutotolesha mara tatu. Joto 37.7. Unyevu umeshuka, nimeongeza maji kwenye sinia la chini. Trei ya pili nimeipima kwa tochi: thelathini na moja matupu. Mengi mno. Yule mama wa Nyankumbu aliyeyaleta ana majogoo waliochoka, itabidi nimwambie.

Saa nane mchana Masanja kapiga simu. Mkewe Neema kajifungua. Mtoto wa kike. Nikashangilia peke yangu mbele ya mashine kama mwendawazimu. Kisha nikagundua mwenzangu hashangilii. Kasema mgongoni kwa mtoto kuna kitu. Kitu gani? Hajui. Manesi wamemlaza kifudifudi na kumfunika kitambaa chenye maji.

Masanja ni mdogo wangu wa mwisho. Hajui kuficha woga, tangu utotoni. Kesho nakwenda hospitali.

Jumatano, 28 Januari

Nimemwona. Mtoto mzuri, nywele tele, sauti kali. Chini kidogo ya kiuno kuna uvimbe kama nusu ya yai dogo. Juu yake ngozi nyembamba inayoangaza, ndani maji. Nimeutazama kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu. Nesi anasema ni mgongo wazi. Lazima afungwe kwa upasuaji, Mwanza, na haraka, kabla vijidudu havijaingia. Mguu wa kushoto anaukunja ukimgusa. Wa kulia hauitiki.

Neema amekaa kitandani. Nikamwambia pole, wifi. Akasema asante, wifi. Basi.

Mama kapiga kutoka kijijini, kule Shinyanga, ng'ambo ya Kolandoto. Akaniuliza, wewe uliye karibu nao, huyu mwanamke alikuwa anafanya nini huko machimboni? Nikamwambia. Anaosha mchanga wa dhahabu kwenye mwalo, penye mabwawa ya kuoshea. Anaukanda kwa zebaki, mikono mitupu. Nikaongeza kwamba zebaki ni sumu, kila mtu anajua.

Nimelisema kama mtu mwenye uhakika. Sina uhakika wowote.

Jumamosi, 31 Januari

Kabula kapasuliwa jana. Ndilo jina walilompa, maana alizaliwa mvua inanyesha. Yuko salama. Masanja analia kwenye simu, safari hii kwa furaha.

Mama naye amekwishawapigia ndugu wote. Neno limebadilika njiani. Mimi nilisema anatumia zebaki. Sasa limekuwa: Neema alimtia mtoto sumu tumboni kwa tamaa ya dhahabu. Baba mdogo kanipigia anipe habari hiyo mimi, niliyeianzisha.

Mama anataka hivi: mtoto akitoka hospitali aletwe kijijini alelewe na yeye. Neema arudi kwao Bukombe. Masanja atafutiwe mwingine.

Najisikia vibaya. Sikula mchana.

Jumatatu, 2 Februari

Mwanza na kurudi. Nimemkuta daktari anayemhudumia Kabula, mwanamke mfupi, mchangamfu, mdogo kwangu. Nikamwuliza swali moja: hili limetokea lini?

Naona aliona siulizi kwa ajili ya mazungumzo. Akageuza fomu, akachora nyuma yake.

Mtoto huanza akiwa bapa, kama jani. Katikati ya jani panachimbika mfereji, toka kichwani hadi mkiani. Kingo mbili za mfereji zinainuka, zinainamiana, zinakutana, zinashikana. Mfereji unakuwa bomba. Juu ya bomba unatoka ubongo, chini unatoka ule mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya uti wa mgongo. Kufunga kunaanzia karibu na shingo, kunapanda na kushuka. Sehemu ya chini inafunga mwishoni. Kwa Kabula hapo ndipo palipobaki wazi. Na pingili za mifupa, ambazo zinatakiwa kuja kulizunguka bomba zikutane nyuma, hazikupata pa kukutana.

Nikauliza tena, lini? Akasema wiki ya nne tangu mimba kutunga. Siku ya ishirini na moja hadi ya ishirini na nane. Wanawake wengi wakati huo hata hawajajua kama wana mimba.

Wiki ya nne! Mimi nilidhani mtoto huharibika akiwa mkubwa, mama akibeba mzigo, akianguka, akishika sumu. Kumbe mgongo mzima unaamuliwa wakati mtu anajiuliza kama kachelewa siku zake.

Nikamwuliza kuhusu zebaki. Akasema ni sumu, Neema asiiguse tena, lakini hawezi kusema ndiyo iliyofanya hivi. Akanitajia yanayojulikana. Upungufu wa foliki, ile iliyomo kwenye vidonge vya kliniki, na kwenye mboga za majani na maharage. Kurithi. Kisukari. Homa kali. Baadhi ya dawa za kifafa. Mara nyingi ni mambo kadhaa pamoja. Mara nyingi hakuna linaloonekana kabisa. Kwa mtoto mmoja, akasema, hakuna wa kuonyeshewa kidole.

Nimekasirika. Nilitaka jambo moja.

Nikiwa mlangoni nikamwuliza kama na kifaranga huanza hivyohivyo. Akacheka. Akasema hata wao walianza kujifunzia kwenye mayai.

Jumatano, 4 Februari

Miaka sita natotolesha vifaranga. Yai naanza kulipima siku ya saba. Sijawahi kuangalia siku mbili za kwanza. Niliona hakuna kitu mle. Njano tu.

Leo saa kumi na mbili asubuhi nimeweka mayai kumi na mawili kwenye trei ya peke yake, nimeyaandika kwa penseli. Mayai ya kuku wangu mwenyewe, si ya wateja. Nimeazima lenzi kwa jirani anayenunua dhahabu. Kaniuliza nimepata jiwe? Nikamwambia nimepata yai. Kaona nina utani.

Alhamisi, 5 Februari

Saa kumi na mbili asubuhi. Saa ishirini na nne kamili tangu niyaweke. Nimefungua matatu kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, karibu na dirisha. La kwanza nimelipasua kiini, limeharibika. La pili sikuona kitu. La tatu nimekata kwa mkasi mdogo ile duara nyeupe iliyo juu ya kiini, nikaiacha ielee kwenye kisahani cheusi.

Nikaona. Ni kitu kama kovu la kucha, kifupi kuliko punje ya mchele. Katikati mstari. Mfereji! Kingo zake mbili zimeanza kuinuka upande wa kichwa. Chini bado bapa.

Nimeshika kinywa. Sijui kwa nini.

Saa sita mchana, saa thelathini. Nimefungua matatu. Kingo zimekaribiana. Kwa mmoja zimegusana hapa katikati ya kichwa, chini bado mwanya. Pembeni ya mstari kuna vijipande viwili viwili, vimepangana kama punje kwenye gunzi la mahindi. Nimehesabu jozi nane. Nadhani hizo ndizo pingili kabla hazijawa pingili.

Saa kumi na mbili jioni. Jozi kumi na tatu. Mwanya umeshuka. Hakuna anayevuta uzi. Kingo zinakutana zenyewe.

Mteja kaja kuchukua vifaranga mia, nimemkosea hesabu, nimempa tisini. Amerudi amechukia. Haki yake.

Ijumaa, 6 Februari

Saa arobaini na nane. Matatu ya mwisho.

Wawili wamefungika karibu hadi mwisho. Moyo unapiga. Kidoti chekundu, kinapiga, kwenye kisahani changu cha chai. Nimekaa nacho hadi kilipoacha. Nimejisikia muuaji kidogo, na nimejisikia mtu aliyeonyeshwa siri.

Wa tatu amekaa upande. Sehemu ya chini ya mfereji wake iko wazi, kingo zimeachana. Nimemgeuza, nimemtazama mara nyingi. Sijui kama alikuwa hivyo au nimemchana mimi kwa mkasi. Sitajua kamwe. Kuku yuleyule, mashine ileile, joto lilelile, siku moja.

Jumapili, 8 Februari

Nimechukua kalenda ya mwaka jana. Kadi ya kliniki ya Neema, niliyoitazama Mwanza, inasema hedhi yake ya mwisho ilianza siku ya Pasaka, tarehe ishirini ya mwezi wa nne. Anaikumbuka kwa sababu hakwenda kanisani. Mimba kutunga, kama wiki mbili baadaye, tarehe nne ya mwezi wa tano. Wiki ya nne: tarehe ishirini na tano ya mwezi wa tano hadi tarehe moja ya mwezi wa sita. Kliniki alianza mwezi wa nane. Vidonge vya foliki alipewa siku hiyohiyo, akavimeza vyote kwa utii. Miezi miwili na zaidi baada ya mlango kufungwa.

Nilikuwa naomba niweze kusema, wiki ile hakuwepo machimboni. Nimempigia. Alikuwa wapi mwisho wa mwezi wa tano? Kasema alikuwa mwaloni, wifi, kila siku. Wiki ile kulikuwa na mchanga mzuri.

Nikafunga daftari. Baadaye nikalifungua tena, nikampigia tena, nikamwuliza alikuwa anakula nini. Ugali na dagaa. Mboga za majani huko kambini ni taabu. Unga wa wapi? Wa yale mahindi ambayo Mama alimpa Masanja alipokwenda nyumbani mwezi wa tano. Yalikuwa na ukungu, unga ulikuwa mchungu. Aliyaosha, akayaanika, akasaga. Hakuweza kuyatupa. Yalitoka kwa mama mkwe.

Naandika ukweli kwa sababu hakuna atakayesoma: nilifurahi. Moyo uliruka. Nimepata kitu cha kumrudishia Mama.

Jumanne, 10 Februari

Nimempigia daktari, nikampa shikamoo ingawa ni mdogo kwangu. Kakataa kuitikia, kasema mimi ndiye nipewe. Nimemwuliza kuhusu mahindi yenye ukungu. Akasema wapo wataalamu wanaoushuku ukungu wa mahindi, kwamba sumu yake huenda inazuia mwili kuitumia foliki. Haijathibitishwa kama yale mengine. Mahindi hayo yasiliwe, ni mabaya kwa mambo mengi.

Nikauliza, kwa Kabula je? Akarudia maneno yaleyale. Kwa mtoto mmoja hakuna wa kuonyeshewa kidole.

Sasa sentensi hiyo imenigeuka. Juma lililopita nilitaka imtoe Neema hatiani. Leo inamtoa Mama pia. Haiwezi kumtoa mmoja.

Alhamisi, 12 Februari

Mama ameita kikao cha ndugu Jumamosi. Neema yuko bado Mwanza na mtoto, hakuitwa. Wanakwenda kumjadili mtu ambaye anamnyonyesha mtoto wao.

Masanja kapita hapa. Nimemwuliza yeye anataka nini. Akasema Mama ndiye anayejua. Nimemwambia Mama hajui, mimi sijui, daktari hajui, wewe ndiye baba yake, utasema nini? Alikunywa chai yote, akaosha kikombe, akaondoka.

Nikinyamaza kuhusu mahindi, watakula tena mahindi yaleyale wakati wa mimba nyingine. Nikisema, nitakuwa nimefanya kwa Mama nilichomfanyia Neema.

Jumamosi, 14 Februari

Nimetoka asubuhi, basi la Shinyanga, kisha bodaboda. Nimerudi, nimechoka, lakini niandike kabla halijapoa.

Tulikuwa watano. Mama, baba mdogo, shangazi, Masanja, mimi. Mwangaluka, mwangaluka, tukasalimiana Kisukuma, tukakaa. Baba mdogo akafungua kwa sala. Mama akaeleza shauri lake. Hakupaza sauti. Mama akiwa ameamua hapazi sauti.

Nikaomba kusema. Nikawaambia ni mimi niliyeleta neno la zebaki, na nililileta bila kujua. Hilo lilikuwa gumu kuliko nilivyodhani. Kisha nikawaeleza jani, mfereji, kingo mbili. Nikatumia kanga ya shangazi mapajani mwangu, nikazikutanisha pindo zake. Nikawaambia nimeona kwa macho yangu kwenye mayai. Shangazi akauliza kama moyo kweli unapiga siku ya pili. Nikasema unapiga. Akasema ajabu ya Mungu.

Nikasema ni wiki ya nne, wakati hata Neema hajui kama kuna mtoto. Nikataja yote aliyoyataja daktari. Na nikasema, kwa watoto wanaokuja, mtu aanze vidonge kabla ya mimba, aache zebaki, na mahindi yenye ukungu yasiliwe, yanashukiwa ingawa haijathibitishwa. Nikapita hapo haraka. Nilikuwa naangalia sakafu.

Mama akauliza, "Wiki hiyo ya nne ilikuwa mwezi gani?"

Nikamwambia mwisho wa mwezi wa tano.

Nilimwona anahesabu. Mama hakusoma sana lakini kalenda ya shamba anayo kichwani. Akavuta kanga begani.

"Yale mahindi nilituma mimi."

Masanja akainua kichwa.

"Yalilowa na mvua ya mwisho," akasema. "Niliyaona. Nikasema wataosha."

Nikamwambia, Mama, daktari amesema haijulikani, kwa mtoto mmoja hakuna anayeweza kujua. Akanitazama usoni.

"Kwa Neema ilijulikana?"

Baba mdogo akakohoa. Hapo ndipo Masanja aliposema, mara ya kwanza siku nzima. Alisema mke wake na mtoto wake watarudi nyumbani kwake Geita, na hana neno lingine. Mama akaitikia kwa kichwa. Kikao kikaisha bila sala ya kufunga, baba mdogo alisahau.

Wakati naondoka Mama alikuwa amekaa palepale. Nikamgusa bega. Akasema, "Nenda, Nyanzala, utachelewa basi." Sikujua kama ni hasira.

Jumapili, 15 Februari

Mvua. Umeme umekatika mara mbili. Mama hapokei simu.

Alhamisi, 19 Februari

Bado hapokei. Shangazi anasema anakula, analala, hazungumzi. Nimemtia mtu mzima kidonda kisichoonekana. Najua hakuna njia nyingine. Haisaidii.

Jumamosi, 21 Februari

Nimekwenda bila kualikwa. Nimemkuta ameshatoa mahindi yote ghalani, ameyamwaga kwenye turubai uani, anachambua peke yake. Nikakaa upande wa pili. Tumechambua toka asubuhi hadi alasiri. Yenye ukungu wa waridi na wa kijivu, kando. Yaliyotobolewa na wadudu, kando. Yaliyobaki mazuri, chini ya nusu.

Akaniuliza kama mabaya nitayachukua nikawape kuku. Nikamwambia hapana, yatawadhuru. Akachimba shimo mwenyewe, akakataa nimsaidie jembe.

Tukiwa tunanawa akauliza Kabula ananyonya vizuri? Nikasema vizuri sana. Akauliza kama Neema anajua habari ya mahindi. Nikasema anajua aliyakula, hajui tulichosema. Akasema atamwambia mwenyewe.

Jumatano, 4 Machi

Nimewasindikiza Neema na Masanja kliniki, Mwanza. Kidonda kimefunga vizuri. Kichwa kimepimwa kwa futi ya kitambaa, kinaongezeka kwa kipimo cha kawaida. Tupime kila wiki, tuandike, kikikimbia twende mara moja, maana maji huweza kujaa kichwani. Mguu wa kushoto una nguvu. Wa kulia daktari anasema huenda akahitaji kiatu cha chuma. Kukojoa pia kutataka kusaidiwa, Neema atafundishwa. Hakuficha. Nimemheshimu kwa hilo.

Neema akauliza kama anaweza kuzaa tena. Anaweza. Aje kwanza kabla, apewe foliki ya kiwango kikubwa, ameze miezi kadhaa kabla hajashika mimba. Neema akaomba aandikiwe. Akakunja karatasi, akaitia ndani ya kadi ya Kabula.

Mwalo ameacha. Anauza vitenge mbele ya nyumba. Anasema mikono yake inamshangaza kwa ukavu.

Jana Mama alimpigia. Walizungumza kwa muda, Neema mlango kaufunga. Sijauliza.

Jumapili, 15 Machi

Baada ya kanisa nimepita kwa Neema. Mama yuko pale tangu Jumatano, amekuja na kuku na maharage. Nimemkuta anamwogesha Kabula kwenye beseni. Anampitisha kiganja mgongoni, akifika kwenye kovu anapunguza mkono, anazunguka, anaendelea. Kabula anatazama paa. Neema amelala chumbani, Mama kasema tusimwamshe, usingizi huo una deni la wiki nyingi.

Nimekaa kwenye kigoda nikimshikia taulo. Mama akasema, bila kunitazama, amekuwa akihesabu nyuma, mimba zake zote. Ya Masanja alikuwa na malaria. Ya kwangu, wiki ya nne, alikuwa anapalilia pamba.

"Sikujua kama upo," akasema.

Akamtoa mtoto majini, akaniwekea mapajani. Nimemfuta kichwa, shingo, mikono. Mgongo nimeufuta taratibu, kwa ncha ya taulo. Mguu wa kushoto kaukunja. Wa kulia nimeufuta pia, kidole kimoja kimoja.

Mama amekwenda kumwaga maji.